Alichosema Fundi wa Pampu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za mkono, maana najua huko uliko siku hizi salamu ni kidole gumba kwenye simu na mambo yameisha. Hujambo? Kifua hakikubani tena ukilala chali? Mimi mwili mzima, macho tu ndiyo yamechoka kwa kazi. Mama hajambo. Goti linamsumbua akipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, lakini ukimtajia kuhama anakuwa kiziwi, na fundi wa lifti akija humwuliza kwa upole kabisa kama safari hii amekumbuka kuja na vifaa. Shangazi anakusalimu sana. Anasema ukija umletee dawa ya kuchua, usimletee tena picha zako.

Barua yako niliipata Jumanne. Umetaka nikujibu kwa karatasi, kama tulivyokuwa tukiandikiana ulipokwenda kusoma, na umetaka nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Swali lako ni moja: Sayari Kavu ya pili inasimamaje mbele ya filamu zako za zamani? Halafu ukaongeza, kama mtu anayekumbuka jambo akiwa mlangoni, kwamba mwezi ujao unakuja nayo nyumbani, umekwisha kukodi jumba lile lile la sinema la onyesho lako la kwanza, na unaomba nimlete mama akae safu ya mbele. Nitaanza na swali. Habari ya mama nitaifikia.

Nimeitazama mara mbili. Mara ya kwanza nilikata tiketi ya saa nane mchana, siku ya kazi, ili nisikutane na mtu anayenijua. Hata hivyo ukumbi ulijaa. Bwana mmoja mwenye mvi, kiti cha pili kutoka changu, alikuwa akimwambia mkewe kwamba ile ya kwanza aliiona akiwa bado chuoni, na kwamba kwa miaka kumi na minane amekuwa akitaka kujua jambo moja tu: yule Fundi wa Pampu alisema nini nyuma ya kioo. Mkewe akamjibu kwamba angekuwa na hamu hiyo na maneno ya watu wa nyumbani kwake, wangekuwa mbali. Watu wamekusubiri, kaka. Hilo sikunyimi.

Picha ni nzuri, na sitakuwa na roho mbaya hata nikatae hilo. Anga la sayari yako lina rangi ambazo sikujua kama zipo. Vumbi lilipotua kwenye kofia ya rubani, nilitaka kuinuka nikalifute. Katika ile ya kwanza anga lilikuwa shuka la mama tulilolipaka rangi ya kutu, na mtu mwenye macho makali akitazama dakika ya thelathini na moja ataona mshono. Chombo cha angani kilikuwa tangi bovu la idara ya maji, na suti za wanaanga zilikuwa ovaroli za wapaka rangi. Tuliifanya kwa wiki sita, na inakwisha kwa saa moja na dakika ishirini na nne. Hii mpya ni saa tatu kasoro dakika kumi, na nilipotoka nilihisi nimekaa miaka yote kumi na minane pale pale kitini.

Unajua kilichonichosha? Watu wako hawana kazi. Katika Sayari Kavu ya kwanza kila mtu alikuwa na kitu mkononi. Mmoja anafunga nati, mwingine anapima maji kwa kijiko, yule mama wa jikoni anashona kiatu huku dunia yao inakwisha. Katika Kiti Namba Tisa, abiria aliyeamka peke yake kwenye safari ya miaka mia alitumia nusu ya filamu akitengeneza kitasa cha mlango, na watu walilia kitasa kilipokubali. Hata ile ya tatu, ya roboti mlezi, ambayo wewe mwenyewe huipendi, roboti alijua kukunja nepi. Hii mpya watu wanasimama dirishani. Mara ya pili nilikwenda na kalamu nikawahesabu: kumi na mmoja wanasimama dirishani wakitazama nyota bila kusema kitu, na rubani peke yake anasimama mara nne. Wahariri watatu umewalipa huko, na hakuna hata mmoja aliyekuambia kwamba mtu akishatazama nyota mara moja, tumeelewa.

Najua utasema ni wivu. Ni wivu, sikatai. Mimi niliyekukatia filamu tatu za kwanza sasa nakata matangazo ya sabuni na video za harusi, na wiki iliyopita bibi harusi mmoja alinitaka nimwondoe wifi yake katika picha zote. Lakini wivu hauzibi macho. Kimya ulichokijaza humu si kile cha zamani. Umekisoma kwenye magazeti, wahakiki wakikusifu kwa ujasiri wako wa kukaa kimya, nawe ukavimba kichwa ukadhani kimya ndicho kipaji chako. Ulisema mwenyewe kwenye yale mahojiano mama aliyoyakata akayaweka ndani ya kitabu chake cha sala: kwamba siku ulipoyaondoa maneno ya baba ndiyo siku ulipokuwa mwongozaji.

Sasa nije kwenye maneno hayo, maana ndiyo filamu yenyewe.

Tukubaliane kwanza tulichokifanya. Katika ile ya kwanza, Fundi anajifungia ndani ya chumba cha pampu, akijua kitapasuka akifungua valvu. Kabla hajafungua anawageukia watu walio nje ya kioo kinene, na kwa dakika nne anasema nao. Tunaiona midomo yake. Tunachosikia ni pampu tu. Kisha anazungusha valvu kwa mikono miwili, maji yanawafikia watu, naye tunamkosa. Wanafunzi wameandika tasnifu juu ya dakika hizo nne. Na aliyesimama nyuma ya kile kioo ni baba yetu, fundi wa pampu wa kweli kwa miaka thelathini na mmoja, mtu mwenye kigugumizi kilichomfanya anunue vitu dukani kwa kunyoosha kidole.

Katika hii mpya mtoto wa Fundi anarudi kwenye sayari, anakuta kinasa sauti kilichofukiwa, na baada ya saa mbili na dakika tano tunasikia kile kilichosemwa. Umempa maneno hayo mwigizaji mwenye jina kubwa. Umemwambia agugumize. Nami niko pale gizani nikisikia ukumbi mzima unamcheka, kwanza kidogo, halafu kwa sauti, kila anapokwama kwenye herufi ya m. Kicheko kilikatika pale walipoelewa anachosema: kwamba maji yafunguliwe kwa wote isipokuwa mwanawe, kwa sababu mwanawe ni mtu wa kuwauza wazazi. Yule bwana mwenye mvi alishusha pumzi. Alisema, basi kumbe, miaka yote ile, kumbe mzee alikuwa na roho mbaya.

Kaka, nilikuchukia, nakuambia wazi. Nilitoka nikatembea kwa miguu hadi nyumbani nikikutukana njia nzima, na watu walinipisha kama mwenye kichaa. Wewe ulikuwepo baba aliposema. Wewe unajua hakusema hayo. Umemfufua ili umlipe kwa miaka kumi na miwili aliyokunyamazia, na umemlipa mbele ya watu waliolipa kiingilio. Nilifika nikafungua kompyuta nikuandikie barua nyingine, ya kukata undugu nawe. Nikaandika mistari mitatu, kisha nikashindwa kuendelea, maana kila tusi nililolitafuta lilikuwa na jina langu.

Unaikumbuka siku ya onyesho la kwanza. Baba alikuja na mafundi wenzake kumi na saba, wamevaa mashati ya pasi, wamejaza safu mbili. Alikuwa amewaambia wiki nzima, kwa kuandika na kwa ishara, kwamba watamsikia akisema. Zilipofika dakika zake wakamwona anafumbua mdomo na kusikia pampu, pampu ile ile wanayoisikia kazini kila siku. Mmoja akacheka, wakafuata wote. Kazini wakamwita Bubu, na jina hilo lilimganda hadi alipostaafu. Hata keki ya kumuaga waliiandika hivyo kwa krimu, nasi tukaila.

Alikuuliza pale mlangoni kwa nini umemkata. Ilimchukua muda mrefu kulisema swali, watu wakipita. Ukamjibu kwamba ni uamuzi wa mwongozaji, na filamu imekuwa bora hivyo. Yeye akasikia kwamba umeona haya kwa sababu ya ulimi wake. Kuanzia hapo, ukija nyumbani unamkuta ametoka kwa mlango wa jikoni, na chai yake bado ina moshi mezani. Miaka kumi na miwili. Ulikuja mazishini ukasimama nyuma kabisa kama yule mtoza ushuru hekaluni, ukaondoka siku ile ile. Majirani walisema mengi. Mimi sikusema lolote, na walinisifu kwa busara yangu.

Sasa nakuomba ukae, kama umesimama.

Unakumbuka utaratibu wetu. Kamera ile ya kuazima haikushika sauti. Sauti ilinaswa kando, kwenye kadi, nasi tulikuwa na kadi mbili tu. Kila jioni fundi sauti alinikabidhi kadi ya siku. Mimi niihamishie kwenye kompyuta, niisikilize mwanzo na mwisho, niandike daftarini, ndipo niifute kwa ajili ya kesho. Kusikiliza kwanza, kufuta baadaye. Sheria hiyo niliitunga mwenyewe na niliibandika ukutani kwa herufi kubwa. Siku ya baba niliingiza kadi, nikabonyeza kunakili, nikaenda kuoga. Asubuhi nilikuta orodha ya majina imekamilika, kila faili na namba yake. Mlikuwa mnapiga honi chini, mmechelewa. Sikusikiliza. Nikafuta kadi, nikawarushia dirishani, mkaenda kurekodi juu yake.

Nafasi ilikuwa imejaa kwenye kompyuta. Majina yalikuwemo, ndani hamna kitu. Niligundua siku ya tatu. Maneno ya baba hayakuwa popote tena, na mimi sikuwa nimeyasikia hata mara moja.

Ulikuwa umenisimulia yaliyotokea pale. Kwamba baba alisema dakika nne bila kukwama hata kwenye neno moja, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia, wala mama. Kwamba ulimwomba arudie kwa usalama, naye akatikisa kichwa, akakuandikia kwenye kiganja chako kwa kalamu kwamba hasemi mara mbili. Kwamba ulijificha nyuma ya taa ukalia. Ningekuambiaje? Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, ilikuwa kazi yangu ya kwanza, na niliogopa utanifukuza. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimeitafuta iliyo nzuri zaidi kwa miaka kumi na minane na sijaipata.

Kwa hiyo nikaipanga ile sehemu na sauti ya pampu, nikakuita, nikakuambia ni bora hivi. Ulikataa siku mbili. Ulisema yale ndiyo maneno bora kuliko yote yaliyomo katika filamu. Nilipoona unaelekea kuniomba nikuwekee sauti, nikakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu: kwamba nimeisikiliza kadi yote, na kwamba masikio yako ni ya mtoto anayempenda baba yake, lakini kigugumizi kimo, kinasikika, na watu watamcheka. Uso ulikushuka. Ukasema basi, tumwache na pampu yake. Ulimkata kwa kumhurumia, kaka. Na alipokuuliza pale mlangoni hukuweza kumwambia sababu bila kumvunja, ukajifanya mwenye kiburi. Hukunitaja. Ukabeba, nami nikakuacha ubebe.

Halafu filamu ikapata jina, na mimi nikapata tuzo ya uhariri kwa dakika nne hizo hizo. Kile kisanamu kipo juu ya friji, mama hukifuta vumbi kila Jumamosi. Baba alikuwa akija kwangu kula mchana, ananishika kichwa, ananiandikia kwamba mimi ndiye mtoto aliyembakia. Nilikuwa nakula naye. Na ulipopiga simu baada ya mazishi kuniomba ile sauti, ukisema huhitaji kitu kingine katika mirathi, nilikuambia diski ya kompyuta ile ilikufa zamani. Ulinishukuru kwa kuitafuta.

Kwa hiyo yule mzee wa kugugumiza uliyemweka kwenye filamu mpya, yule mwenye roho mbaya, hakuwahi kuwepo. Baba hakukulaani nyuma ya kioo, na hata baadaye alikunyima sauti yake kwa kosa langu. Nawe umemwadhiri kwa kosa langu. Kama ungejua, filamu yako ya nne ingekuwa filamu nyingine, na huenda usingekuwa nayo hata moja baada ya ile ya kwanza. Sijui. Najua tu kwamba wewe na baba mlikuwa mnapendana na mimi nikawapa sababu ya kutoonana mpaka mmoja wenu akazikwa.

Nimemwambia mama. Nimemwambia leo asubuhi kabla sijaanza kuandika, kwa sababu nilijua nikimaliza barua kwanza nitaridhika na barua. Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja mpaka shuka la mwisho, hakunitazama, hakunifukuza. Kisha akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulijua. Jioni ya siku ile ya kupiga picha, baba alirudi akakaa na viatu vyake, akamwambia kwa kukwama-kwama kwake kwa kila siku kwamba leo amesema, na amesema mpaka mwisho. Mama akamwuliza amesema nini. Baba akacheka, akakataa. Alisema asubiri, atasikia ukumbini pamoja na watu wote, asije akamwondolea utamu.

Kisha mama akaniuliza mimi: alisema nini? Nikamwambia sijui. Akadhani sikulielewa swali, akauliza tena taratibu. Nikamweleza kwamba nimeitazama ile midomo mara elfu, na kwamba nimewahi kung'amua neno "mwanangu," na mahali fulani "usiogope," na huenda jina lake yeye mama, lakini kioo kinameta pale, siwezi kuapa. Akasema hayo ni maneno matatu, na dakika nne si maneno matatu.

Yule fundi sauti amekwisha kufa, na waliokuwa wakishika taa hatujui hata walihamia wapi. Umebaki wewe tu. Kwa hiyo mimi usinijibu. Kunikasirikia utanikasirikia ukija, na sitatoka kwa mlango wa jikoni. Kaa chini umwandikie mama kile baba alichosema, chote unachokikumbuka, kwa mpangilio ule ule, na pale uliposahau uandike kwamba umesahau. Usiyatengeneze. Usimpe mwigizaji. Kama unayakumbuka nusu, mpe nusu.

Onyesho lako sitamleta. Si mimi ninayekataa. Nilimwuliza, akasema kwenye jumba lile alishakwenda mara moja kusikia.

Wasalimie walio karibu nawe, na wale wahariri wako watatu, hawana kosa. Shangazi amerudia kuhusu ile dawa ya kuchua. Nimemwuliza mama niandike salamu gani kutoka kwake, akasema niandike kwamba anasubiri.

Ni mimi, mdogo wako,

Mkasi